Marehemu Kambale Édouard, Mdogo wa Yule Aliyechukuliwa na Semliki

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 1936, pale Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, ulisikika mshindo mmoja wa mti mkubwa ukianguka msituni, kisha kukawa kimya, na alfajiri mama yake marehemu akajifungua mtoto wake wa pili wa kiume, ambaye kwa desturi yetu Wanande aliitwa Kambale, na katika ubatizo akapewa jina la Édouard. Wanaotoka kwetu wanajua kwamba Kambale hazaliwi bila Paluku, yaani mwana wa kwanza wa kiume, kumtangulia, na ndiyo maana kila mgeni wa kwetu aliyeingia nyumbani kwake, kule Butembo na baadaye hapa Hallunda, alimuuliza kaka yake yuko wapi, naye alijibu kwamba Paluku alichukuliwa na mto, na akiulizwa jina la ubatizo la kaka huyo aliinuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Mke wake, Mama Kahindo, kila Novemba aliwaombea marehemu wa pande zote mbili akiwataja mmoja mmoja, na alipomfikia shemeji huyo alisema tu "na yule wa mto", jambo lililomchosha na kumuuma mama huyo, kwa sababu aliona ni kama kumwombea mtu kwa kumnyooshea kidole.

Marehemu alisoma shule ya misheni hadi darasa la tano, akaacha mwaka 1950 baba yao alipofariki, na tangu hapo kaka yake, aliyemzidi miaka mitatu, ndiye aliyemlea.

Mwaka 1953 walifika wageni kutoka ng'ambo kutengeneza filamu ya vita vya wakoloni, vile ambavyo Wabelgiji na Wajerumani walipigana katika nchi zetu huku watu wetu wakiwabebea mizigo, nayo ilikuwa filamu ya namna mpya kwa wakati ule, iliyopigwa na kamera mbili zilizofungwa bega kwa bega kama macho ya mtu, ili mtazamaji akivaa miwani ya karatasi aone mikuki na mawe yanamjia usoni. Ndugu hao wawili waliajiriwa, Kambale kubeba masanduku ya kamera, Paluku kuigiza mpagazi wa jeshi. Tarehe 2 Septemba mwaka huo, katika kuvuka mto Semliki, Paluku aliteleza akiwa na mzigo kichwani, akanyoosha mkono kuelekea kamera, kwa kuwa watu waliokuwa karibu naye ni wale wa kamera, na maji yakamchukua. Mwili haukupatikana. Wageni walikaa siku chache, wakafunga mahema yao, wakaenda kumalizia kazi mahali pengine.

Mwaka 1954 marehemu alivuka mpaka akaanza kazi katika mgodi wa shaba upande wa Uganda, na mwaka uliofuata, wakati wa likizo, wenzake wa mgodini wakamvuta hadi Kampala kuona filamu ambayo watu walisema inatoka ukutani, naye akaenda bila kujua ni ipi. Mto ulipotokea aliujua kabla ya watu kuingia majini. Wenye filamu hawakulikata tukio lile, walilifanya sehemu ya hadithi yao, na mkono wa Paluku ukatoka katika pazia ukaja hadi mbele ya uso wa mdogo wake, naye akainuka, akanyoosha wa kwake, akaliita jina la ubatizo la kaka yake kwa sauti kubwa, akajikuta ameshika kola ya bwana mmoja aliyeketi mbele. Ukumbi mzima ulicheka. Wenzake walicheka kuliko wote, wakalibeba jina hilo hadi mgodini, na tangu hapo mtu akiteleza kwenye tope, au akiangusha sururu, waliliita jina lile na kuongeza, "Lete mkono, ndugu yangu!", na marehemu alipokasirika walimwambia, "Wewe Kambale, hata filamu inakukosesha usingizi?" Hawakujua, na hakuwaambia. Mwisho hata watu ambao hawakuiona filamu ile walilitumia jina hilo kumwita mjinga yeyote, na marehemu akaamua kwamba halitatoka tena kinywani mwake.

Alirudi Kongo mwaka 1962, akawa dereva wa malori ya kahawa, na tarehe 9 Julai 1966, katika kanisa la Butembo, alifunga ndoa na Kahindo, wakajaliwa watoto wawili, Emmanuella na Félix. Mapigano ya mwaka 1993 yaliwakuta Masisi, wakakimbilia Kampala, na mwaka 1995 wakapokewa Sweden, wakapangiwa nyumba Hallunda, ambapo marehemu, akiwa na miaka hamsini na tisa, alianza upya kama mtu aliyeshuka garini kabla ya kituo chake, akisafisha ofisi huko Kista hadi alipostaafu mwaka 2001, akirudi nyumbani amechoka na kukuta wajukuu wanamsalimu kwa Kiswidi, naye akiwajibu kwa Kiswahili, wakaelewana hivyo hivyo.

Mnamo Oktoba 2023 mjukuu wake Shalom, mwana wa Emmanuella, aliyekuwa anasoma chuoni Flemingsberg, alisikia kwamba filamu moja ya zamani ya milima ya kwao imesafishwa na itaonyeshwa katika sinema moja mjini, akamkatia babu yake tiketi akidhani anampa zawadi. Marehemu alikwenda, Mama Kahindo akiwa kushoto kwake. Vijana waliojaa ukumbini walicheka tangu mwanzo, kwa kuwa mikuki ile leo inaonekana ya kitoto, na mkono ulipotoka walicheka pia, bila ubaya, na marehemu akakaa na mikono yake magotini, hakunyoosha, hakuita. Ndani ya treni ya kurudi Hallunda Mama Kahindo alimuuliza, "Baba Félix, yule kijana wa mtoni ni nani?", akajibiwa kwamba ni Paluku, naye akasema, "Paluku ni hesabu tu, mzee, kila nyumba ina wa kwanza wake. Nimekuzalia watoto, nimekufulia nguo za malori ya watu na za ofisi za watu, na bado unanificha shemeji yangu?" Marehemu akamwambia, "Sikufichi wewe, Mama Emma. Nawaficha wenye kucheka."

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2024, akawa anatibiwa katika hospitali ya Flemingsberg, na wiki ya mwisho, akiwa na sauti ndogo sana, alimwita mkewe ainame, akamtajia jina lile sikioni, akimwomba asilitaje pale wodini, ambapo televisheni ilikuwa inachekesha wagonjwa, bali alitaje mahali ambapo watu wamekuja kulia. Alifariki tarehe 21 Januari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na minane, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Hallunda waliotupikia tangu siku ya msiba, ndugu yetu Muzamiru aliyempeleka Mama Kahindo hospitalini kwa gari lake kila jioni na kukataa kushukuriwa, wenzake wa kazi wa Kista, wazee sasa, ambao wengine wamekuja kwa mikongojo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu katika baridi hii.

Kambale Édouard, umechoka vya kutosha, lala sasa kwa amani ya Mungu. Na kaka yako, aliyezaliwa Mutwanga mwaka 1933, mpagazi asiyeandikwa jina katika filamu, ambaye hakuna aliyemsomea historia yake, apumzike nawe leo katika sala moja, mbele ya watu ambao hakuna hata mmoja anayecheka. Mama Kahindo amesimama karibu na jeneza, na jina analolitaja ni Aristide.