Mapenzi Mangi na Jina Lisilotajwa

Waombolezaji wapendwa, mimi ni Randu Dzombo, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, Mapenzi Mangi, ambaye angeyasimulia vizuri kuliko mimi, na kwa urefu zaidi.

Mama alizaliwa tarehe 3 Aprili 1962 huko Marafa, akahamia Garsen na wazazi wake mwaka wa 1968 wakitafuta shamba, akasoma hapa hadi kidato cha nne, akasomea uuguzi Mombasa, na mwaka wa 1986 akaajiriwa katika zahanati moja ng'ambo ya mto. Tarehe 20 Disemba 1987 alifunga ndoa na baba yetu, Dzombo Randu, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Maurine na Stacy.

Mwaka wa 1993 alifika zahanati mama wa Kiorma, wale jirani zetu wafugaji, aitwaye Abdia, ambaye yuko nasi leo, akiwa na mtoto mwenye homa kali, na kila mara karani alipomuuliza jina la mtoto alinyamaza, akarudishwa nyuma ya foleni, huku watu wakisema Waorma ni wakaidi, hawapendi hospitali. Kumbe mtoto alipewa jina la babu yake, na kwa desturi yao mke halitaji jina la baba mkwe, hata iweje. Mtoto aliposhikwa na degedege, mama yetu alimnyakua akamtibu bila jina, akapona, na jina likaja kutajwa baadaye na wifi wa Abdia. Tangu hapo zahanati ile ilitibu kwanza, ikauliza majina baadaye, na akina mama wa malishoni wakaja bila kubembelezwa. Mama alichukia sana kusikia kabila likisingiziwa ugonjwa, maana sisi Wagiriama nasi tulisemwa ni watu wa mganga tu, ilhali hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima.

Alistaafu mwaka wa 2022, akaugua kisukari, na muuguzi huyu hakuacha chai yake tamu hata tulipomfokea. Januari 2025 figo zilishindwa, akalazwa Malindi, na mlinzi wa wodi aliposema wanaingia jamaa peke yao, tulisimama sisi watatu, Mama Abdia naye akasimama, mlinzi akashangaa, na mama akamwambia kutoka kitandani kwamba wote ni wake, afungue mlango. Alituaga tarehe 11 Februari, tukiwa sote kando yake, na ingawa tunalia, tumeridhika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Mama Abdia hatumshukuru, kwa sababu yeye hakuja kutupa pole, bali naye pia amefiwa.

Lala salama, mama, kazi yako tumeiona.