Umri wa Yang Sun-nyeo

Benchi letu limeegemea ghala la chama cha wapiga mbizi, hapa kijijini kwetu, kisiwani Jeju, Korea, hatua tatu kutoka mashine ya kahawa. Asubuhi ile tulikuwa watatu: Boo Man-bok, anayeitwa Kibiriti, Hyeon Tae-geun, aitwaye Kapteni ingawa hajaongoza hata mtumbwi, na mimi. Wake zetu walikuwa chini ya maji wakitafuta konokono wa baharini. Mchana chama kingepiga kura: mpiga mbizi akitimiza miaka themanini, astaafu, apende asipende.

— Wapitishe tu, alisema Kibiriti. Juzi mke wangu katoka majini midomo imegeuka bluu. Ati baridi. Baridi gani mwezi wa sita, joto lote hili?

— Sema unataka mpishi wa mchana, alisema Kapteni.

— Nataka mke, bwana.

— Shemeji hazuiwi na karatasi. Chombo cha kuzama hakina usukani.

— Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mtu ambaye mkewe yuko chini ya maji?

Niliwakumbusha kwamba mabibi wazee wameachiwa maji ya kina kifupi tangu zamani.

— Huko huko ndiko alikotoka na midomo ya bluu, alinijibu Kibiriti.

Kapteni alipiga funda la kahawa.

— Basi wapimwe pumzi. Mtu aibane mpaka kahawa ipoe.

— Wewe huna pumzi hata ya kuipuliza.

— Au wafungwe kamba kiunoni, sisi waume tushike ncha huku juu.

— Na ukisinzia?

— Na mimi nifungwe, anishike shemeji.

Hapo alifika karani mpya wa chama, Seok Ji-won, mwenyeji wa Seoul, na daftari mkononi.

— Shikamooni, wazee. Naandaa orodha. Mama Yang Sun-nyeo ana miaka mingapi?

— Themanini, alisema Kibiriti, mumewe.

— Cheti kinasema sabini na saba.

— Baba yake alichelewa kumwandikisha. Alingoja kwanza aone kama mtoto ataishi.

— Alingoja miaka mingapi?

Kibiriti alimtazama Kapteni, kisha mimi. Mama mkwe wake alikuwa akisema miwili, shangazi minne, na wote wawili tulishawazika.

— Sasa niandike nini, mzee?

Karibu na miamba kichwa kiliibuka, na pumzi ikatoka kwa mluzi mrefu. Kibiriti aliutambua kuwa wa mkewe. Alikitazama kichwa mpaka kilipozama tena.

— Andika yuko kazini, alisema.