Fomu Niliyowashia Moshi wa Nyuki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nanyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, itikieni, nawaona. Mwakeye wote, habari za asubuhi.

Mimi ni Ezekieli Bihigi wa hapa Makere, mfuga nyuki. Leo sikuja kushuhudia kwamba nilikuwa mlevi. Sikuwahi kulewa. Wala sikuwa mchawi. Nilikuwa mtu wa kiburi, na kiburi ni kibaya kuliko pombe, maana mlevi akilala pombe inamtoka, lakini mwenye kiburi anaamka nacho!

Nilizaliwa upande wa Kibondo. Nikiwa darasa la pili baba alinitoa shule nikafukuze nyani kwenye mahindi. Nikafukuza nyani. Nyani hawakunifundisha kusoma. Nilipooa nilikuwa na mizinga miwili ya magome ya miti na panga moja. Leo nina mizinga zaidi ya mia porini, nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, saruji chini. Hakuna aliyenipa. Wengine hapa mlikuwa mnanicheka nikipita na ndoo kichwani, na sasa mnanunua asali kwangu. Mungu ni mwema!

Lakini mtu aliyejijenga mwenyewe hufika mahali akadhani hata kichwa chake alikifyatua yeye kama tofali. Nilikuwa nasema hadharani, "Shule haijawahi kunipa hata kijiko cha asali." Watu wakizungumza mipango ya watoto wao, chuo gani, kazi gani, mimi nawazima: "Mnasumbukia ya kesho? Imani yenu iko wapi?" Ndugu zangu, neno la Mungu nililigeuza fimbo ya kuchapia wenzangu.

Na ukweli ni kwamba kulikuwa na kitu nakificha. Jina langu naliandika. Mstari wa Biblia nausoma kwa kidole, taratibu, nikiwa peke yangu. Lakini karatasi ndefu yenye maneno ya ofisini ikija mbele yangu, natoka jasho. Nilidhani nimemficha hata mke wangu, Mama Yona. Kila karatasi ikija, nasema miwani yangu imevunjika. Jamani, sijawahi kuwa na miwani!

Binti yangu wa mwisho anaitwa Tabitha. Wakati ninaousimulia alikuwa kidato cha pili, hapa hapa shule ya kata. Mwaka ule mfanyabiashara mmoja wa Kasulu mjini, Mwislamu, mtu wa haki, tunaheshimiana, alikuja kununua asali. Alikuwa na kifaa kidogo: unadondoshea tone la asali, unachungulia ndani kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Akapima ndoo sita.

"Mzee wangu," akasema, "hizi nne nachukua. Hizi mbili zina maji, utaniwia radhi."

"Maji!" nikafoka. "Mimi Bihigi natia maji kwenye asali?"

"Sijasema umetia. Ndoo zilikaa wazi wakati wa mvua. Asali inavuta unyevu wa hewa."

Nikamwambia kifaa chake kina wazimu. Tabitha alikuwa amesimama pale, akaomba naye achungulie. Akaonyeshwa mstari ulipofika na pale ulipotakiwa kufika. Tangu siku ile mtoto akawa hana wimbo mwingine: "Baba, mimi nitakuwa yule anayepima." Mimi nikacheka, nikamwambia asali inapimwa kwa ulimi.

Mwezi haujaisha, shule ikaleta fomu. Watoto wa kidato cha pili walitakiwa wakae na wazazi wao wachague mapema: kidato cha tatu mtoto aendelee na fizikia na kemia, au ayaache achukue masomo mengine. Aandike anataka kuwa nani na asome nini ili afike chuoni. Mzazi asaini, na Ijumaa aipeleke mwenyewe shuleni. Asiye na fomu atapangiwa penye nafasi, na kila mtu alijua penye nafasi si kwenye fizikia.

Tabitha akaniwekea fomu mezani na peni juu yake. Nikaitazama. Maneno yamejaa kama siafu.

"Niachie," nikasema, "nitaisoma."

Kesho yake akauliza, "Umeisoma, Baba?" Nikasema naisoma. Keshokutwa nikasema naisoma. Siku ya tatu nikaikunja nikaenda nayo porini. Mnajua lile bomba la moshi tunalopulizia nyuki ili watulie. Linataka karatasi ya kuwashia kabla hujaweka majani makavu. Nikaitia fomu, nikapiga kiberiti. Iliwaka vizuri mno! Nikajiambia, haya, mambo ya kesho yamekwisha.

Niliporudi, mtoto alikuwa mlangoni.

"Baba, fomu?"

"Nimewashia moshi."

Mama Yona akaacha kupepeta maharage. "Ezekieli," akasema, na anaponiita kwa jina mimi najua siku imeharibika, "kwa hiyo umemtia mtoto kwenye bomba ukawapulizia nyuki moshi wake?"

Tabitha hakulia. Afadhali angelia. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaniuliza kwa heshima zote:

"Baba, mizinga unaitundika lini?"

"Swali gani hilo? Kabla miti haijachanua."

"Na ukingoja maua yatoke, ndipo uende kuchonga mzinga?"

"Nyuki watakuwa wameshapata makao kwingine. Mjinga gani anafanya hivyo?"

Mama Yona akakohoa.

"Baba," Tabitha akasema, "maua yangu ni matokeo ya kidato cha nne. Nikiacha fizikia na kemia sasa, siku ile nitabisha hodi kila chuo cha maabara, na watanijibu hivyo hivyo ulivyosema. Mzinga wangu ni sasa. Na zimebaki siku mbili."

Ndugu zangu! Nilihubiriwa sana maishani, lakini mahubiri yale yalinipiga kifuani. Miaka zaidi ya thelathini natundika mizinga kwenye miti mikavu isiyo na ua hata moja. Wapita njia wananiona juu ya mti mtupu, wanasema mzee huyu ana akili kweli? Mimi natundika tu, najua Imana, Mungu wetu, ataleta maua. Ile ndiyo imani! Ningengoja maua nione kwanza, ningekuwa nalamba vidole vikavu. Na mtu huyo huyo, mimi, nawaambia watu kumpangia mtoto masomo ni kukosa imani!

Hapo nikasema neno ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu ujana. "Sikuisoma ile fomu. Maneno mengi namna ile yananishinda."

Mama Yona wala hakuinua kichwa. "Tunajua," akasema. "Miwani gani inavunjika miaka ishirini?"

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Tukacheka wote watatu mpaka maharage yakamwagika.

Ijumaa nikavaa koti langu la kanisani, nikaenda shuleni. Mimi nyuki siwaogopi, wameniuma mpaka wamechoka. Lakini mlango wa darasa niliupita mara mbili kabla sijaingia. Mwalimu wa taaluma, binti mdogo tu, akanipa fomu nyingine bila kuuliza ya kwanza iko wapi. Wazazi tumejaa kwenye madawati ya watoto, kila mtu na karatasi yake. Jirani yangu mmoja alikuwa anaigeuza yake mbele na nyuma, mbele na nyuma, anatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana nayo. Nikamtambua mara moja. Mwizi anamtambua mwizi mwenzake!

Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, nisimamishe, maana mwenyewe siwezi. Nikasimama.

"Mwalimu, mimi ni Bihigi. Fomu ya kwanza niliichoma kwa sababu sikuweza kuisoma. Naomba unisomee hii. Polepole, na kwa sauti."

Mtu mmoja akacheka. "Bihigi! Tajiri wa asali!" Nikabaki nimesimama pale pale, masikio yanawaka. Kisha bibi mmoja wa Muyama, aliyekuwa analea mjukuu wake, akanyoosha mkono. "Na mimi, mwanangu." Jirani yangu akaiacha ile karatasi, akasema, "Na mimi." Na mimi, na mimi, darasa zima! Mpaka yule aliyecheka akasema, "Basi, Mwalimu, tusomee wote, tusichoshane."

Mwalimu akasoma mstari kwa mstari, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Mtoto anayetaka uuguzi, masomo haya. Anayetaka kupima ardhi, haya. Anayetaka sheria, haya. Anayetaka maabara: fizikia, kemia, biolojia, na asikimbie hesabu. Nikasaini penye fizikia, nikaikandamiza peni mpaka karatasi ikatoboka. Pale pale kwenye dawati la mtoto, magoti yamegota mbao, nilifunguliwa! Aibu iliyonikalia tangu darasa la pili iliondoka, na kiburi kilichokuwa kinailinda kikakosa kazi. Tulipotoka nje, yule bibi alinipigia makofi yale ya taratibu ya heshima ya Kiha, mimi niliyetoka kutangaza ujinga wangu. Haleluya!

Msidhani fizikia ilikuwa uji. Kidato cha tatu Tabitha aliwahi kupata alama ambazo siwezi kuzitaja kanisani. Lakini alikuwa anajua anakwenda wapi, akang'ang'ana. Leo yuko chuo mwaka wa pili, anasomea maabara, kupima vyakula. Likizo iliyopita alikuja na kile kifaa cha kuchungulia, amekiazima. Nikampangia ndoo zangu kwa majivuno. Akapima ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akainua kichwa.

"Baba, hii ina maji."

"Kifaa chako kina wazimu," nikasema.

"Kifuniko chako, Baba, ndicho chenye wazimu. Kimepasuka."

Nikatazama. Kweli kimepasuka! Ndugu zangu, asali yangu imekataliwa mara nyingi, lakini sijawahi kukataliwa nikafurahi namna ile. Niliibeba ndoo ile nikaizungusha kwa majirani kuwaonyesha: hii imekataliwa na binti yangu!

Namshukuru Mungu aliyesema nami kupitia mtoto, na namshukuru mtoto aliyekubali kutumwa.

Sasa wewe mwenye kijana wa kidato cha pili. Fomu za mwaka huu zimeshatoka, na najua nyingine mmezilaza chini ya godoro. Mtumaini Mungu, lakini hataleta maua ya mwaka huu kwa mzinga utakaochongwa mwakani. Ibada ikiisha msikimbie. Mwalimu yupo hapa, amekubali kutusomea kwa sauti. Mimi sina tena mtoto wa kidato cha pili, lakini nitakaa benchi la mbele kabisa, nitanyoosha mkono wa kwanza niseme sijui kusoma. Wewe unayeona haya, kazi yako ni ndogo tu: uwe wa pili.