Maji Yaliyoteremka Shambani kwa Shemeji

Mungu anisamehe, nilipasua tuta linalotenga shamba langu na la shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka. Langu liko juu, lake liko chini, na langu lilikuwa limefanya ukoko mweupe wa chumvi. Bwana shamba alinipa utaratibu: mfereji wa kutolea maji kwanza, halafu maji ya kuosha chumvi, samadi mwisho kabisa, isije ikaoshwa nayo. Mfereji niliuonea uvivu. Nikamwaga samadi, nikafungulia maji siku nne, yalipofurika nikalipiga tuta jembe, yakateremka kwake na chumvi yake. Wiki tatu nikawa nakaa kwenye benchi letu mbele ya duka la Kinyozi, nakunywa kahawa kama mtu asiye na neno. Asubuhi hiyo Kinyozi hakuwa na mteja, Fundi Pampu kanyoosha miguu, na mada ni hiyohiyo chumvi.

— Mchuzi ukizidi chumvi unatupia kiazi, Kinyozi akasema. Basi tupande viazi. Vikishanyonya chumvi yote tuving'oe, tuvitupe.

— Uvitupe? Fundi Pampu akamkatiza. Mimi navikaanga, vimeshakolea. Tena chumvi yenyewe hamjui ilikotoka. Ni jasho. Tangu enzi za mababu watu wanainama palepale, linadondoka palepale.

— Basi tutafute wavivu ndio walime.

— Utatangulia wewe.

— Mcha Mungu, Kinyozi akanigeukia, mbona leo umemeza ulimi? Si ulikaa na bwana shamba nusu siku?

Hilo jina walinipa kwa ajili ya sala zangu. Nikapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mambo ya wataalamu hayo, nikasema.

Hapo shemeji akatokea, mkononi ana mhindi aliong'oa na mizizi yake, majani yameungua kingoni. Akatusalimu wote. Fundi akasogea ampishe, lakini shemeji hakukaa.

— Shemeji, akaniambia, shamba lako uliliosha. Yale maji uliyapeleka wapi?

Fundi Pampu akakunja miguu. Kinyozi akashika kitambaa, akaanza kupangusa kioo.

— Kwako, nikasema.

— Na samadi?

— Ilifuata maji.

Akaugeuza mhindi, akautazama mizizi.

— Ndiyo maana juma la kwanza mahindi yangu yalikolea kijani vile. Nikamshukuru Mungu, na wewe ulikuwepo.

Nilikuwepo. Alisimama mlangoni kwake, akainua mikono, akashukuru kwa baraka aliyoshushiwa mjane, nami niliyejua baraka hiyo imetoka wapi na nyuma yake inakuja nini, nikaitikia amina. Wala sikuipunguza sauti.

— Wanangu nimewaahidi mwaka huu hatutakula cha kuombaomba, akasema. Sasa nitawaambia nini?

Nikaweka kikombe chini, nikasimama, maana haifai kulisema neno lile umekaa.

— Waambie ni mimi, shemeji. Samadi iliyobaki zizini kwangu ni yako, tutaimwaga chumvi ikishatoka. Ila kwanza naomba uniruhusu kesho niingie shambani kwako na jembe, nikuchimbie mfereji mpaka korongoni.