Silvère Gasana na Chupa Zake za Vanishi

Mzee Silvère Gasana alizaliwa tarehe 14 Machi 1933 huko Rwamagana, mtoto wa nne wa marehemu Nsengiyumva. Alisoma kwa mapadre hadi darasa la sita, akaacha shule baba yake alipofariki.

Tarehe 5 Agosti 1961 alifunga ndoa na Donata Mukankusi. Mama huyu amevumilia mengi.

Mwaka 1964 Mzee aliingia kazini katika duka la dawa la mtaa wa Muhima, hakutoka tena. Vita vya Oktoba 1990 vilipofunga barabara ya mpakani ya Gatuna, chupa za kahawia zikaacha kuja, dawa ikawa inatiwa kwenye chupa nyeupe zinazopitisha mwanga. Mzee alisema mwanga utaiua dawa. Basi akawa anazipaka vanishi ya kahawia kwa nje, mkono wa kwanza, ukikauka mkono wa pili, na kuzitundika kwenye waya kama samaki. Wateja nao wakazikwaruza kwa kucha, waone dawa imebaki kiasi gani. Hapo aligomba mpaka mate yakamkauka: "Muko munatafuta nini humo? Ni sinema?"

Na nyumbani akapaka kila chupa. Siku moja Mukankusi alitia mafuta ya taa kwenye maharage ya wageni. "Baba Kaze, umeniletea giza mpaka kabatini!" Mzee akajibu kwamba mafuta hayo, angalau, yalikuwa hayajaharibika.

Julai 1992 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimpa matone, yamo kwenye chupa nyeupe. Akakataa kuyanywa. Mukankusi alimsihi, akalia, akamfokea: "Utakufa ukingoja vanishi ikauke!" Mwishowe akaifunika chupa kwa kitenge chake, akamnywesha, kisha akaipaka mwenyewe. Mzee akaigeuza.

"Chini umesahau."

Akapaka na chini, huku akisonya. Lakini sasa hata yeye hakuona yamebaki kiasi gani, akaogopa yasije yakaisha ghafla. Kucha zikamwasha.

"Tikisa, usikilize," Mzee alimwambia.

Akawa anatikisa sikioni kila asubuhi. Jumapili tarehe 8 Novemba alisikia bado yako mengi. Jumatatu alfajiri Mzee alifariki, nyumbani. Ndipo Mama alipoikwaruza chupa. Matone yalikuwa nusu, rangi yake ile ile. Hayakuharibika. Moyo ndio uliochoka.

Ameacha mjane, watoto Kaze, Kirezi na Hirwa, wajukuu sita, na kabati la chupa ambazo hakuna anayejua zina nini.

Bwana ampumzishe kwa amani, na mwanga wa milele umwangazie, hata akiuliza pazia liko wapi.