Sweta la Bi Pasi Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, endelea nayo. Huyu tunayemkumbuka leo hakuwahi kumsikiliza mtu huku mikono yake imekaa bure. Tunamkumbuka mpiga pasi wa hospitali, mfumaji wa masweta, aliyetutoka wiki iliyopita. Wengi mlimwita Bi Pasi.

Bi Pasi alipiga pasi mashuka ya wagonjwa mpaka akastaafu. Chumba kile, wasikilizaji, kilikuwa na joto la kuokea mkate. Humo humo, saa ya mapumziko, alitoa sindano zake mbili na donge la uzi kwenye mfuko wa aproni, akafuma. Wenzake walimcheka. "Bi Pasi, sweta kwenye tanuri hili?" Naye akawajibu bila kuinua macho, "Kwani mimi nalala humu?"

Alifuma kofia za watoto wachanga. Alifuma soksi, skafu, masweta. Karibu kila nyumba ya mtaa wake ina kitu chake. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na sweta. Narudia: mfumaji huyu hakuwa na sweta. Si kwamba hakujifumia, alijifumia mara nyingi. Ila mtu akimwambia tu, "Limekupendeza," Bi Pasi analivua, anampa. Na bingwa wa kusema hivyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta. Wifi mwenyewe anakiri. "La kijivu nililichukua likiwa bado na joto la mwili wake. Nilijua hawezi kuninyima. Si unatujua mawifi?"

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukapooza. Binti yake, ambaye ni muuguzi, akamwambia, "Mama, pumzika sasa. Nitakununulia sweta zuri." Bi Pasi akakataa katakata. "La kununua sitaki. Nataka langu, nitakalolifuma mwenyewe."

Akaanza. Sindano moja aliibana kwapani, ya pili akaishika kwa mkono wa kulia. Vitanzi vikamponyoka. Akafumua, akaanza upya. Akafumua tena. Mumewe, dereva mstaafu, alishinda naye sebuleni. "Kuna siku alifuma asubuhi nzima akapata upana wa kidole," anasema. "Nikamwambia, mke wangu, unajitesa. Akaniambia niende nikachemshe chai."

Wifi naye akaingiwa na huruma. Akataka sweta lipelekwe kwa fundi, likamaliziwe mikono. Bi Pasi akamkazia macho. "Mkono mmoja umeshanisusa," akasema. "Hii ya sweta haiendi popote."

Na akaimaliza. Lilikuwa sweta la kijani, la vifungo. Mkono wa kushoto ulitoka mrefu kuliko wa kulia, ukafunika mpaka vidole. Watu wakadhani amekosea. Mwenyewe akasema vidole vile vinaona baridi, acha vijifiche.

Basi akalivaa. Wasikilizaji, alilivaa! Wifi akaingia, akaliona, akasahau kujizuia. "Wifi, limekupendeza!"

Mumewe anasema aliuona ule mkono wa kulia ukipanda kwenye kifungo cha juu. Alidhani anakifungua. Kumbe anakifunga.

"Hili hulipati, wifi yangu," Bi Pasi akasema. "Siku nikiondoka, lifumue. Utalipata likiwa uzi. Ujifumie lako."

Walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Tangu siku hiyo alilivaa kila siku, na hakuna aliyelivua mwilini mwake mpaka alipofumba macho.

Kwa mzee wetu dereva, kwa binti yake muuguzi, kwa wifi, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo: katika vyote ulivyovitengeneza kwa mikono yako, kipi ulijibakizia?

Jana nilipita kwa wifi kuyachukua maneno yake. Nilimkuta na donge la uzi wa kijani mapajani, uzi wenyewe bado umejikunjakunja kwa kufumuliwa. Hajawahi kufuma maishani mwake. Vitanzi vilikuwa vinamponyoka, jasho linamtoka, macho mekundu. Nikamwambia namjua fundi mmoja anayeweza kumsaidia.

Hakunisubiri nimalize.

"Niache," akasema. "Nataka langu."