Medius Ithungu na Ukimya wa Chumba cha Mirija

Marehemu Medius Ithungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 Nyakalengija, binti wa tano, kama jina la Ithungu linavyosema kwa Wakonzo. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari mjini Kasese, na mwaka 2006 akahitimu diploma ya maabara Kampala.

Mwaka 2007 aliajiriwa Kasese, katika maabara ya kuotesha miche ya migomba isiyo na ugonjwa. Alikata mirija ya kioo, akaziba ncha moja kwa moto, akaichemsha, ndipo akapanda humo vichipukizi vidogo. Kila alipofungua mrija, mdomo wa mrija huo ulipitishwa motoni kwanza. Humo chumbani hakuna kuongea. Pumzi ya mtu ni uchafu tosha. Alikaa humo peke yake kutwa, na ule ukimya akarudi nao nyumbani.

Tarehe 5 Desemba 2009 alifunga ndoa na Tefiro Mumbere wa Karambi, mwuza kahawa Bwera. Mama mkwe, Rusi, alipokuja kumtembelea mara ya kwanza, alimletea chupa ya maziwa. Lakini mazoea yana taabu! Kabla ya kumimina, Medius akapitisha mdomo wa chupa juu ya moto.

Rusi akasimama. "Weye unaona maziwa yangu iko na uchafu?"

Tefiro alicheka hadi akashika mbavu. Medius, badala ya kueleza, alinyamaza, na ukimya ule ukaitwa kiburi. Rusi hakukanyaga tena nyumba ile.

Tuseme kweli, alikuwa mpweke. Tefiro alishinda Bwera wiki nzima. Medius alitamani jambo moja tu, mama mkwe aje waketi pamoja.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Kila Jumamosi alimwuliza binti yake, Ronah, "Bibi yako iko anakuja?"

"Iko njiani, mama."

Hakuwa njiani, na wote wawili walijua. Medius alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, uso ukielekea mlangoni.

Ameacha mume, Tefiro, binti, Ronah, na mama mkwe, Rusi, aliyefika jioni ile ile, akawatoa watu wote chumbani, akamwosha mwenyewe. Walio nje walimsikia akisema, "Mutoto wangu, niko hapa. Ongea basi."

Bwana ampokee, asiwe peke yake tena.